Kisima Changu, Meno Yako

Nashipai mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda Sekei kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hamtaachiwa mtoke kwake kabla hamjala mara mbili. Mimi nimeachiwa Lemayian. Yuko hapa kwenye mkeka, anatafuna kijiko cha mbao na kunitazama kama mtu aliyekuja kunidai ng'ombe. Nimepata nafasi, acha niandike.

Sitakuandikia habari za safari. Basi unalijua, mablanketi mama yako amekufungia mawili ingawa ulisema moja linatosha, na shule yako mpya huko Songea watakuonyesha wenyewe ilipo. Wewe ni mwalimu, mimi niliishia darasa la saba nikarudi kwa ng'ombe. Sina la kukufundisha juu ya kazi. Nina jambo moja tu, na ninalisema hapa juu kabisa usije ukalitafuta: kesho asubuhi usimwache mtoto kwetu. Mbebe uende naye.

Najua tulivyokubaliana. Mtoto wa kwanza wa binti kukulia kwa babu na bibi yake si jambo la kujadili kwetu. Mimi mwenyewe nililelewa kwa babu. Baba yake Lemayian tumeshamsema yote ya kusemwa, simrudii. Najua huna mtu Songea, najua utaanza kazi na mtoto wa miezi tisa mgongoni na mwalimu mkuu hatafurahi. Mama yako ameshahamisha gunia la mahindi ili kitanda kidogo kipate pa kukaa. Hata mimi nimeshamchongea kifimbo cha kuchungia. Mtoto hajasimama, nimemchongea kifimbo! Kwa hiyo usidhani nimechoka au simtaki.

Ni kwa sababu ya jana jioni. Ulikuwa ndani unapanga nguo. Mama yako alikuwa amempakata, anamlisha mchuzi wa makande kwa ncha ya kijiko, na makande yake unayajua, hayapikwi bila magadi. Mtoto akakohoa. Mama yako akachota maji kwenye ndoo, akamwekea kikombe mdomoni, akamwambia, "Kunywa, babu. Kunywa maji ya kwenu."

Nikamwambia, "Mpe yale ya mvua."

Akacheka. "Mvua gani, Baba Nashipai? Tangi limekauka tangu lini?"

Mtoto akanywa. Akanywa kwa kiu, kwa mikono miwili, kama ulivyokuwa ukinywa wewe. Nikatoka nje nikaenda kusimama zizini, na huko ndiko nilikopata uamuzi huu. Sikuupenda.

Nianze na koko, mama yangu mimi, bibi yako aliyekupa jina. Ulipofikia umri wa kung'olewa yale meno mawili ya chini, alikuja na yule mzee mwenye kisu chake, kama nilivyofanyiwa mimi na kama alivyofanyiwa yeye. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimebatizwa, nilikuwa nimeshafika mpaka Moshi na kurudi, nikajiona mtu wa kisasa. Nikamwambia mama yangu mbele ya watu, "Meno ya mwanangu yatabaki yote."

Akaniuliza, "Unataka mtoto awe na mdomo uliojaa kama punda? Akipata ugonjwa wa kukaza taya utamnywesha uji wapi?"

Nikamjibu kuwa nitampeleka hospitali. Hakuongea nami hadi mavuno. Mimi nikatembea Kisongo yote nimeinua kichwa, baba aliyeyaokoa meno ya binti yake. Ukitaka kuona jinsi mtu anavyoweza kuchekwa na maisha yake mwenyewe, nitazame mimi. Koko angekutoa meno mawili tu.

Wakati huo tayari nilikuwa na kisima. Unakikumbuka kilivyochimbwa? Ulikuwa mdogo sana, labda unakumbuka kelele za mashine tu. Watu walikuja kutoka hadi kule barabara ya uwanja wa ndege kutazama. Maji yalipotoka, yalitoka ya matope, kisha yakatakata, kisha yakawa meupe kabisa, hayana harufu, hayana mdudu. Mchungaji aliyaombea. Nilikinga kikombe cha kwanza, nikampa mama yako, cha pili nikakupa wewe. Ulikuwa na vijino vya utoto tu, navyo havijatimia. Ulikunywa ukaniachia chini ya kikombe, nikamalizia.

Kabla ya hapo tulikuwa tunakunywa maji ya mvua ya koko. Alikuwa na tangi la bati nyuma ya nyumba, na kwenye kiangazi kikali tulikwenda mtoni. Koko hakujua lolote kuhusu floridi, ile chumvi ya ardhini inayoyeyuka kwenye maji na kuharibu meno, wala mimi sikujua, wala mchungaji. Alipenda maji ya mvua kwa sababu ya chai yake tu. Alisema ya kisimani yanaharibu rangi ya maziwa. Nikamwona mzee mbishi. Tangi likaanza kutoboka upande mmoja, nikasema tangi la nini tena? Nikalikata katikati, nikapata mahori mawili ya kunyweshea ng'ombe. Moja liko palepale zizini. Jana nilikuwa nimeliegemea.

Na tulichemsha, Nashipai. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Wauguzi walipita wakasema chemsheni maji ya watoto, na mimi nikahakikisha yanachemshwa, tena sana, mpaka sufuria inabaki nusu. Miaka baadaye yule daktari wa meno mjini ndiye aliyeniambia kwamba kuchemsha kunaua wadudu, lakini floridi haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale. Kumbe jirani yangu mvivu, asiyechemsha chochote, alikuwa anawanywesha wanawe kidogo kuliko mimi niliyejitahidi.

Meno yako ya ukubwani yakaota. Mwanzoni hatukuona kitu. Utaona nini, na sisi sote huku tunacheka kahawia kwa maji ya mto na magadi, vyote vina floridi yake? Mama yako ni kahawia, mimi ni kahawia na pengo juu yake, wazee wa kanisa wote ukiwapanga ni kama magunzi yaliyochomwa. Lakini yako yalikuja na zaidi. Yalikuwa na vishimo vidogo, kana kwamba mtu ameyadonoa kwa sindano, na ukingoni yalikuwa yanameguka ukila bisi. Nilisema ni uchafu. Nilikwambia piga mswaki vizuri. Ukapiga mswaki. Ukapiga mpaka fizi zikatoka damu, na mimi nikakusimamia nikikuhesabu mzembe.

Halafu ikaja kipaimara chako. Sijui kama unaikumbuka kama mimi. Ulikuja jioni ukasimama mlangoni, ukasema, "Baba, siku ya picha nitafunga mdomo." Ukasema hivyo tu ukaondoka. Mimi nikashindwa kulala kwa ajili ya sentensi moja. Kesho yake nikakupeleka Kaloleni kwa yule mtu aliyekuwa na meza chini ya mwavuli, anayeng'arisha meno kwa dawa ya kwenye chupa ya soda. Hakuwa na jina la dawa. Nilimwuliza ni nini, akasema ni ya kutoka nje. Nikaridhika.

Alikupaka kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Nilikuona macho yamekutoka. Ukanishika mkono ukasema kwa pua, maana mdomo ulikuwa wazi, "Inachoma." Na mimi, Nashipai, mimi nilikwambia, "Vumilia. Wewe ni Mwarusha." Ukavumilia. Hukupepesa jicho. Yule mtu akasema hajawahi kuona msichana jasiri namna hii, na mimi kifua kikanijaa kama vile wewe ni mwanangu wa kiume umesimama mbele ya kisu cha jando na hukutikisika. Tuliporudi nyumbani niliwahadithia watu ujasiri wako. Waswahili wana maneno yao, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nililitamka neno hilo siku ile kama ushindi. Tumefundishwa kutolia mpaka tumesahau kwamba kilio ni taarifa. Mtoto akisema inachoma, ni kwa sababu inachoma.

Picha ile ipo sebuleni. Umecheka, meno meupe kama ya watu wa kwenye matangazo. Mama yako anaipenda. Mimi nimeshindwa kuitundua na nimeshindwa kuitazama.

Baada ya hapo unajua. Ganzi ilianza hata kabla ya Krismasi. Maji baridi hukuweza, chai ya moto hukuweza, ukawa unakula upande mmoja. Weupe uliisha, kahawia ikarudi, na safari hii jino lenyewe lilikuwa limekuwa jembamba, unaona mwanga ukingoni. Kisha matundu. Na hapo nikakosea tena, kwa sababu mtu akianza kukosea kwa bidii haachi. Nikasikia redioni kwamba kinachoharibu meno ya huku ni floridi. Nikasoma kwenye boksi la dawa ya meno: floridi. Nikaitupa chooni, nikakukatia kijiti na kukutwangia mkaa. Usinicheke, ulinicheka wakati ule pia. Ukasugua gamba lililobaki kwa mkaa mwaka mzima.

Siku tulipofika kwa daktari, yule dada mwenye miwani, nilimwuliza kwa ukali iweje aniambie tununue tena sumu ileile. Akanijibu bila kukasirika, "Mzee, chumvi ni nzuri kwenye mboga. Ukimwaga pakiti nzima utakula?" Akaeleza kwamba dawa ya meno ina kiasi kidogo, kinakaza jino kwa nje, unatema. Kisima chetu kilikuwa kinakupa nyingi kupita kiasi, kwa ndani, wakati jino lenyewe linajengwa. Kisha akaniambia neno ambalo huwa linanirudia nikiwa kanisani, nikiwa shambani, popote. "Ngozi ikichubuka inaota. Mfupa ukivunjika unaunga. Hili gamba la nje la jino haliunganiki wala halioti. Likiisha, limeisha."

Nilikuwa nimezoea kwamba Mungu ameacha mlango wa kurekebisha kila kitu. Ng'ombe akifa, mwingine anazaa. Mvua ikikosa, mwakani. Gamba la jino halina mwakani.

Kwa hiyo sitakudanganya kama baba wengine wanavyoandika. Lile la mbele lililong'olewa mwaka jana halitarudi, na jirani yake anafuata, daktari alishasema. Ya nyuma tuliambiwa yanaweza kuokoka tukiwahi, na mimi sina hakika kama tumewahi. Ulipokuwa na mimba ukawa unafyonza ndimu kwa chumvi asubuhi na jioni, na nani aliyekuwa anakuletea kutoka sokoni, kikapu kizima, akiimba? Sikufikiri. Nilifurahi tu kwamba kuna kitu unakitaka na mimi ninakiweza. Sasa nimejifunza kwamba ukila kichachu unasuuza mdomo kwa maji, unangoja, husugui papo hapo jino likiwa limelainika. Nimejifunza mengi. Yote nimejifunza baada ya kuwa hayana kazi.

Kinachoniumiza si jino, ni mkono wako. Ulirudi kutoka chuoni Tanga na mkono ule. Binti mmoja alikuuliza kama kwenu hakuna miswaki, ulimsimulia mama yako, nami nilikuwa nasikia nyuma ya ukuta. Tangu hapo ukicheka mkono unapanda mdomoni. Ukiongea na mgeni, mkono. Hata ulipokuwa unamchekea mwanao siku aliyozaliwa, mkono ulipanda, na yeye macho alikuwa hajafungua vizuri. Kesho kutwa utasimama mbele ya darasa la watoto na chaki mkono mmoja. Watoto hawana huruma, watauliza. Tangu asubuhi natafuta jibu la kukupa uende nalo. Tulikuita Nashipai, mwenye furaha, na mimi ndiye niliyeitia furaha hiyo aibu.

Utaniambia, baba, sasa unajua, utamlinda Lemayian. Ndilo alilosema mama yako siku tuliyokubaliana: tutampa maji ya mvua, tutanunua ya chupa. Nashipai, mimi najijua. Lile tangi jipya la plastiki linajaa masika, na kabla kiangazi hakijafika nusu tunarudi kisimani. Nilijaribu mwenyewe, bila kumwambia mtu, kukaa msimu mmoja bila kunywa ya kisima. Nilishindwa. Chai ya kwa jirani, uji wa msibani, togwa la harusini, yote ni kisima. Kila nyumba hapa ilichimba baada ya kuona mimi nimechimba. Utamfungaje mdomo mtoto anayetambaa boma hadi boma?

Unakumbuka ile ndoo ya kuchujia waliyotuletea watu wa mradi? Yenye makaa ya mifupa ya ng'ombe ndani yake. Yule kijana akatueleza kwamba mifupa inashika floridi, maji yanatoka mazuri. Mama yako akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamwambia, "Mwanangu, ng'ombe wangu namla na damu yake nainywa, lakini maji yaliyopita kwenye mifupa yake mfu sinywi." Boma zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mradi ukaondoka, wa kubadilisha mifupa hayupo, ndoo ikawa ya unga. Nimemwambia mwezi huu tuitafute tena. Amenitazama kama mgonjwa. Anasema yeye amekunywa maji haya na yuko hai, anasema meno si uhai. Ni mama mwema, hakuna mwanamke atakayempenda mjukuu kuliko yeye, na atamnywesha kila siku kwa upendo, kama mimi nilivyokunywesha wewe. Simlaumu. Nani alimfundisha kukiamini kisima kama si mimi?

Daktari alinieleza kitu kimoja zaidi, siku ya mwisho tulipomrudia, ulipokuwa umeenda kusuuza mdomo. Vijino hivi vya utoto havina neno, vitang'oka. Yale ya maisha ndiyo yanayojengwa sasa, ndani ya ufizi, wakati mtoto anacheza na hakuna anayeyaona. Mpaka afike miaka minane hivi. Kila kikombe kama cha jana kinaingia humo. Nikamwuliza kuhusu maji ya kusini, akasema kwa ujumla huko hayana shida hii yetu, lakini usimwamini hata yeye, ukifika uliza watu wa maji, na utazame midomo ya watoto wa darasa lako. Watoto wa Songea wakicheka utajua.

Sasa kuhusu mama yako. Kesho utakapomwambia unaondoka na mtoto, atalia, na atadhani umemwona hafai. Usikubali adhani hivyo. Mwambie ni mimi. Mwambie baba amekataa kulea, amesema amezeeka, hataki kelele za mtoto. Maneno hayohayo. Ukimwambia habari za maji ataahidi, na wewe utamhurumia, na mtoto atabaki. Mimi nitakuwepo pale na nitaitikia. Najua atakavyonitazama. Najua na watakavyosema Kisongo, mzee wa kanisa aliyemkataa mjukuu wake. Kwetu mtu wa namna hiyo hasalimiwi kwa moyo. Acha waseme. Mama yako huenda asinisamehe mpaka mmoja wetu azikwe, na sioni namna ya kumweleza baadaye. Na usiniandikie kunishukuru, atasomewa na watoto wa jirani.

Akifika miaka minane mlete, kama nipo. Miaka minane ni mingi kwa mtu mwenye mgongo kama wangu. Nikiwepo atanipa kichwa nimshike, salamu ya watoto wetu, kama mgeni anavyomsalimu mzee asiyemjua, nami nitamwomba afungue mdomo kidogo nione. Kifimbo chake nakitia kwenye mzigo wako, chini ya blanketi la pili. Mwambie ni fimbo tu.

Waswahili walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekitupa kijiko, ametambaa mpaka kwenye goti langu, ameukamata mkono unaoandika, ndiyo maana mstari huu umepinda. Amekitia kidole changu mdomoni na ananing'ata kwa vijino vyake viwili vya chini, vilevile ambavyo koko angevitaka. Vinauma. Ni vyeupe, Nashipai, vyeupe kabisa. Nimemwacha ang'ate.

Baba yako